Siku moja maishani mwangu: kutafuta nyufa kwenye mifupa ya farasi wa mbio

Nikimwambia mtu kwamba kazi yangu ni kupima farasi kwa ultrasaundi, swali linalofuata karibu kila mara ni kama huyo farasi ana mimba. Wengi wa wagonjwa wangu ni madume, tena waliohasiwa. Ninachokitafuta ni ufa mwembamba unaojitokeza kwenye mfupa kwa sababu ya kukanyaga kwa nguvu siku baada ya siku, bila farasi kuanguka wala kugongwa na kitu chochote.

Saa kumi na moja alfajiri ninafika mabandani, wakati farasi wa kundi la kwanza wanatoka kwenda mazoezini. Hadi saa tatu huwa ninapima kano za miguu ya mbele, na leo zilikuwa za farasi sita, wote wazima. Sina la kusimulia hapo.

Saa tatu aliletwa farasi jike wa miaka mitatu. Aliyemshtukia hakuwa mkufunzi bali mtunzaji wake, mzee mmoja asiyependa maneno mengi, ambaye aliniambia tu, "Daktari, siku hizi mguu wa nyuma wa kushoto hausukumi." Nilisimama nyuma ya farasi nikaona alichokuwa anakiona yeye: nyama ya tako la kushoto ilikuwa imepungua kidogo, kiasi ambacho mpita njia asingekigundua. Alipotembezwa hakuchechemea. Alikuwa anafupisha hatua tu.

Mwenye farasi hakutaka manyoya yanyolewe, kwa hiyo nilimlowesha mgongoni kwa spiriti, nikapaka jeli na kusubiri iingie hadi kwenye ngozi, maana hewa kidogo tu iliyonaswa kati ya manyoya inatosha kuharibu picha yote. Nilifunga kichwa kikubwa cha mashine, cha megahezi 3 hivi, kwa kuwa mawimbi ya kichwa kidogo ninachotumia kwenye kano hayafiki chini ya misuli minene namna ile. Kisha nikaomba taa ya banda izimwe ili niione skrini vizuri.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo hata watu wa farasi hulikosea. Ultrasaundi haionyeshi ndani ya mfupa. Mawimbi yakiufikia uso wake, mengi hurudi na yanayobaki humezwa upesi, na kwenye skrini uso huo huonekana kama mstari mweupe unaong'aa, na chini yake giza tupu. Mimi ninausoma mstari huo tu. Kwenye bawa la mfupa wa nyonga, yaani sehemu yake pana ya juu, unatakiwa kuwa laini na wenye mbonyeo wa taratibu, kama ukingo wa bakuli. Upande wa kulia ulikuwa hivyo hasa. Upande wa kushoto, karibu na uti wa mgongo, mstari ulikatika, ukashuka kama milimita 2, ukaendelea. Na juu ya mkatiko huo palikuwa na kinundu chenye uso wa kukwaruza. Kinundu hicho ni mfupa mpya, kiraka ambacho mwili umeanza kujitilia wenyewe, maana yake ufa haukuwa wa jana.

Kupima kulichukua dakika ishirini. Mabishano na mkufunzi yalichukua saa moja na nusu.

Kwanza alisema farasi huyo juzi alikimbia vizuri. Nikamwonyesha picha mbili, ya kulia na ya kushoto, zikiwa sambamba. Akasema huenda nimeshika mashine vibaya. Nikarudia mbele yake, kwa pembe mbili, mkono ukiwa juu ya kiuno cha mnyama mrefu kuliko bega langu, na mkatiko ukatokea palepale. Akataka eksirei. Nikamweleza kwamba nyonga ya farasi aliyesimama ni vigumu kupigwa picha ikaonekana vizuri, kwa kuwa nyama ni nyingi mno, na kwamba ufa mwembamba wa namna hii mara nyingi hauonekani kwenye eksirei hadi wiki kadhaa zipite. Hapo ndipo alipotoa wazo ambalo nilikuwa nalisubiri: apewe dawa ya maumivu, akimbie mbio hii moja, halafu apumzishwe.

Kanuni za mbio hazikubali, lakini sikutaka kujificha nyuma ya kanuni. Nilimwambia kwamba maumivu ndiyo breki pekee aliyobaki nayo huyu farasi. Ufa wa bawa la nyonga ukiachana kabisa, ncha ya mfupa inaweza kuukata mshipa mkubwa wa damu unaopita chini yake, na mnyama wa kilo 450 akafa kwa kuvuja damu ndani kabla hata sijafungua begi langu. Alinyamaza, kisha akauliza kwa sauti ya chini kidogo kosa lake lilikuwa wapi.

Swali hilo nililipenda, kwa hiyo nikalijibu kwa kirefu, japo farasi wanne walikuwa wananisubiri. Mfupa unaozidishiwa mzigo hujikarabati: chembe fulani huchimba sehemu zilizochoka, na nyingine hufuata nyuma zikijaza mashimo. Kuchimba huchukua wiki chache. Kujaza huchukua miezi. Farasi akizidishiwa kasi katikati ya pengo hilo, anakimbia kwa mfupa wenye matundu. Ndiyo maana wakati wa kurudi kutoka mapumziko marefu nao una hatari yake, ingawa farasi anaonekana mnene, mchangamfu na mwenye hamu ya kukimbia. Huyu alikuwa amepumzika miezi mitatu, kisha akarudishwa kwenye kasi kwa haraka. Mzee mtunzaji alikuwa bado ameshika kamba, akitazama chini.

Baada ya hapo sikumbuki saa vizuri. Farasi mmoja alikanyaga waya wa umeme wa mashine, nikaendelea kwa betri. Bega langu la kulia lilianza kuuma kama linavyouma kila siku ifikapo wakati huo, na jeli iliyokauka ilikuwa imenifika hadi kwenye viwiko. Muundi mmoja, nyonga mbili za kupimwa upya. Moja imepona vizuri kiasi kwamba nilirudi kuuangalia mstari wake mara ya pili kwa kufurahia tu.

Wa mwisho, jua likielekea kuzama, alikuwa dume anayechechemea mguu wa mbele, juu, karibu na bega. Sehemu za mfupa wa mkono wa juu zinazofikiwa na mashine zilikuwa safi. Tatizo ni kwamba haifiki kila mahali, na ufa ambao haujatia kinundu unaweza kuupita mstari wangu bila kuacha alama. Nikashauri apelekwe kwenye skani ya mifupa, ambako huchomwa sindano ya teknetiamu yenye mnururisho, kisha kamera hutafuta mahali ambapo mfupa unafanya kazi kupita kiasi. Hadi majibu yatoke, asitoke bandani.

Usiku nikiandika ripoti, mwenye farasi huyo alinipigia simu akiniomba nibadilishe sentensi moja. Nilikuwa nimeandika "sikuona ufa", naye alitaka "hana ufa", kwani alikuwa na mnunuzi. Nilimwambia kwamba maneno hayo mawili si kitu kimoja. Alinieleza mengi, kwa heshima, na mimi nilimsikiliza kwa heshima hadi alipomaliza. Ripoti imeondoka kama ilivyokuwa. Sasa ninafuta jeli kwenye vichwa vya mashine na kuchaji betri, kwa sababu kesho alfajiri nina farasi wanane.