Profoma ya Pili

Nilipofika dukani kwa mjomba, Kariakoo, Ijumaa baada ya swala, alikuwa tayari kwenda benki. Canter aliyoitafuta muda mrefu ilikuwa imepatikana kwa kampuni moja ya magari yaliyotumika huko Yokohama, ileile iliyowahi kumuuzia Noah bila usumbufu. Kilichobaki ni kutuma TT, yaani hela kwa njia ya benki kwenda nje ya nchi.

"Mjomba, hebu nisomee hizi namba nisije nikakosea," akaniambia, akanipa simu.

Barua pepe yenyewe ilikuwa safi. Ilimtaja kwa jina, ikataja rangi ya Canter na namba ya chasisi, na bei ilikuwa ileile hadi dola ya mwisho. Chini yake yalikuwamo mazungumzo yao yote, hata pale alipoomba apunguziwe. Ila juu kulikuwa na maelezo mapya, pamoja na profoma (ankara ya kulipia kabla ya gari kutumwa) ya pili: akaunti yetu ya kawaida iko kwenye ukaguzi, tafadhali lipa kupitia hii iliyo kwenye profoma mpya, tena leo, gari liwahi meli.

Benki hiyo ilikuwa Hong Kong. Muuzaji yuko Japani, gari liko Japani; hela ikafuate nini Hong Kong?

Nikaifungua barua kwenye kompyuta ya dukani, maana ile simu ilionyesha jina la mtumaji tu na kuificha anwani. Nikaiweka anwani ya siku zote juu, ya siku hiyo chini. Katika jina la kampuni, palipokuwa na m sasa palikuwa na r na n zimebanana. Mjomba akavaa miwani, akasema haoni tofauti. Nikakuza maandishi mpaka herufi zikaachana.

"Lahaula," akasema, akavuta kiti.

Watu wakisikia utapeli wa barua pepe hukumbuka zile za urithi wa mamilioni, zinazoitwa 419 kwa namba ya kifungu cha sheria ya jinai ya Nigeria, kisha husema aliyeibiwa kaponzwa na tamaa. Kauli hiyo inaniudhi. Mjomba hakutamani cha mtu. Alikuwa analipa anachodaiwa, kwa wakati, na tapeli aliutegemea uaminifu huohuo. Kwa mwaka 2023 peke yake, hasara ya utapeli wa namna hii iliyoripotiwa kwa FBI ya Marekani ilizidi dola bilioni 2.9, na miongoni mwa walioibiwa zimo kampuni zenye wahasibu wao.

Mjomba alitaka aijibu ile barua, aulize. Nikamzuia, kwa sababu jibu lingekwenda kwa tapeli mwenyewe. Hata namba ya simu kwenye profoma mpya sikuiamini. Tukatoa faili la Noah, tukapata namba ya ofisi kwenye karatasi za zamani. Ikaita bila kupokewa. Kwetu saa tisa alasiri, Yokohama saa tatu usiku: wameshafunga mpaka Jumatatu. Nikaelewa kwa nini barua ilikuja Ijumaa.

"Na meli je?"

"Meli itakuja nyingine, mjomba. Hela ikishaingia kule tutamdai nani?"

Ofisi yao hufunguliwa saa tatu asubuhi, yaani kwetu saa tisa usiku. Jumatatu usiku ule mjomba ndiye aliyeniamsha. Dada wa mauzo akasema hawajabadili akaunti yoyote. Baadaye akatupigia mwenyewe, sauti imebadilika: mtu alikuwa ameingia kwenye barua pepe yake na kuitegesha ili kila yenye neno profoma ipelekwe nakala nje. Mteja wao mmoja wa Lusaka alikuwa ameshalipa.

Kulipokucha, kabla ya kutuma hela yake kwenye akaunti ya zamani, mjomba aliwapigia simu wenzake wa Kariakoo wanaonunua magari palepale. Mmoja wao alipokea akiwa kwenye foleni ya benki, profoma mkononi.