Nyonga zangu za ujauzito na shuka la satini
"Tembea! Ukikaa hivyo mtoto hatashuka." Wifi yangu hakuchoka kuniimbia hayo, na kila nikimsikiliza kinena kiliuma kama kuni inayopasuliwa.

Aliyenielewesha ni mtaalamu wa fiziotherapia. Mifupa miwili ya kinena haijagusana; kati yake kuna gegedu na kano, nafasi ya milimita 4 au 5 hivi, na ujauzito huongeza milimita 2 au 3. Homoni iitwayo rilaksini, ikisaidiana na homoni wenzake estrojeni na projesteroni, hulainisha kolajeni, ile protini inayozipa kano hizo nguvu, ili mtoto apate njia. Ajabu ni kwamba rilaksini hufika kileleni miezi mitatu ya mwanzo, tumbo halijaonekana! Wala wingi wake haupimi maumivu. Wapo walionayo tele na hawahisi kitu. Mara nyingi kinachotesa ni upande mmoja wa nyonga kucheza kuliko mwenzake, ndiyo maana kusimama kwa mguu mmoja ni balaa. Chupi nilivaa nikiwa nimekaa, basi.

Vita vyenyewe vilikuwa kitandani. Kujigeuza tu! Nilijisukuma kwa kisigino: mguu ukaenda, nyonga ikabaki, nikapiga yowe. Mume wangu akaruka akidhani uchungu umeanza, akawa anatafuta viatu gizani. Usiku mwingine nikamwomba anivute. Akavuta blanketi.

Dawa ikawa shuka la satini. Unabana magoti, mto katikati, unatoa pumzi, kisha mabega, nyonga na magoti vinageuka kwa pamoja; satini inateleza yenyewe. Nilijiona mhandisi. Kwenye gari nilitandika mfuko wa plastiki kitini: nakaa kwanza, nazungusha miguu yote miwili, halafu nautoa kabla hatujaondoka.

Mkanda wa nyonga nao ulisaidia nikiwa nimesimama. Bei iliniuma kidogo, lakini si zaidi ya kinena.

Kama unaumwa hivi, usingoje kujifungua ndipo useme. Hadi mmoja kati ya wajawazito watano hupatwa. Nami kabla ya siku ya kujifungua nililala chali, tukapima magoti yanaachana kiasi gani kabla sijaumia, kipimo kikaandikwa kwenye kadi ya kliniki. Mkunga akakisoma, nikajifungua nikiwa nimelalia ubavu, na hakuna aliyenitanua miguu kupita kipimo changu.