Dua Iliyonirudia Njiani

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Juma lililopita tulikwenda kumwona mzazi wa jumuiya yetu, mtoto ndiyo kwanza ana siku nane. Nikaombwa nimwombee. Nikaweka mkono juu ya kile kichwa kidogo chenye joto, nikamsihi Bwana amwepushe mtoto na kila kijidudu. Wote wakaitikia amina, na yangu ndiyo iliyosikika zaidi.

Njiani dua ile ikanirudia. Kila kijidudu? Mwili wa mtu mzima unakadiriwa kubeba bakteria trilioni 38, na seli zake mwenyewe ni kama trilioni 30. Yaani humu ninamoita mwangu, wapangaji wamemzidi mwenye nyumba. Bwana angenijibu neno kwa neno, mtoto yule angepata taabu.

Tazameni maziwa ya mama. Ukiacha maji, kilichojaa zaidi ni laktosi, yaani sukari ya maziwa, kisha mafuta, na cha tatu ni sukari za namna nyingine ambazo tumbo la mtoto haliwezi kuzimeng'enya. Mama katoka kujifungua, kachoka, kila tone linatoka mwilini mwake. Ya nini kuandaa chakula ambacho mwanawe hakimfai? Kumbe kina wenyewe. Sukari hizo hushuka hadi utumbo mpana, na huko bakteria wema waitwao bifidobakteria huzila na kutoa asidi. Utumbo unakuwa mchachu, na vijidudu vingi vya maradhi havistawi penye uchachu. Mama analisha walinzi wa mwanawe, wala hajui kama wapo.

Paulo anasema viungo vinavyodhaniwa kuwa vinyonge ndivyo vinavyohitajiwa zaidi (1 Wakorintho 12:22). Alikuwa akisema habari za kanisa, najua, simgeuzi kuwa daktari. Ila miaka yote nimeusoma mstari huo nikiwaza vidole na macho tu. (Na tuendelee kunawa mikono, jamani. Kipindupindu si mpangaji.)

Juzi nikapita tena. Bibi yake mtoto alikuwa amemwekea mzazi bakuli la mtori, anamhimiza alimalize. Mtoto kalala, tone la maziwa limemkaukia kidevuni. Wakanitaka niombe. Nikaomba maziwa yasipungue, na wote wanaoyategemea washibe, tunaowaona na tusiowaona.

Bibi akafumbua jicho moja, akanitazama kidogo, kisha akasema amina.