Ile heliamu ya Rukwa ndo alfa zenyewe

Toka 2016 ilipotoka habari kwamba bonde la Rukwa lina gesi ya heliamu nyingi, hapa Mbeya naisikia inaongelewa kwa upande wa hela tu, ajira, mitambo, nani atapata tenda, sawa, lakini jamani mimi kinachonipa raha zaidi ni kwamba ile gesi karibu yote ni chembe za alfa, zile zile tulizokariri shule kwamba zinazuiwa na karatasi.

Iko hivi. Kiini cha urani, madini yaliyomo ndani ya miamba, kina protoni 92 zimebanana humo na zote zinasukumana, siku ikifika kinatema kipande, protoni mbili na nyutroni mbili, hiyo ndo alfa, kinachomoka kwa spidi ya kama kilomita 14,000 kwa sekunde. Utadhani kitafika mbali, wapi! Ndani ya jiwe hakimalizi hata unene wa unywele, kimeshasimama, kinadaka elektroni mbili za jirani, tayari ni atomu ya heliamu. Na urani-238 mpaka iishie kuwa madini ya risasi inatema alfa 8, yani atomu moja ya urani inakuachia heliamu 8. Tatizo ni taratibu mno, nusu yake inachukua miaka kama bilioni 4.5 kuisha, ndo maana inatakiwa miamba ya kale kweli kweli, na Tanzania tunayo, ile ya katikati ya nchi ina zaidi ya miaka bilioni 2.5. Watafiti wa Oxford na Durham wanasema joto la volkano za bonde la ufa, huku kwetu ndo akina Rungwe, liliipasha hiyo miamba ikaachia gesi, hata mapovu ya chemchemi za moto kule Rukwa yakipimwa heliamu imo.

Nani alijua alfa ni heliamu? Mwanafizikia Rutherford na mwenzake Royds, Manchester, Uingereza, miaka ya 1908 na 1909. Walifungia radoni, gesi inayotema alfa, kwenye kichupa chembamba sana, alfa zinapenya ukuta wake ila gesi haipiti, wakasubiri siku kadhaa, wakapitisha umeme kwenye kilichokusanyika nje, rangi za heliamu zikatokea, ile njano yake kabisa. Mimi jaribio hili nalipenda kupita maelezo.

Mama mdogo akaniuliza, "Mwanangu, si ndo mionzi hiyo hiyo ya kansa?" Hapana mama, alfa ikishasimama imekuwa gesi tulivu, haina mionzi tena, hospitali wanapoozea mashine za MRI, zile za kupiga picha ndani ya mwili. Wa kuogopa ni radoni, nayo inatokana na urani ila yenyewe bado inatema alfa, inapanda kutoka ardhini inajaa kwenye nyumba zilizofungwa, ukiivuta alfa inapigia ndani ya mapafu ambako hakuna karatasi wala ngozi ngumu ya kuizuia, na WHO wanaitaja kama chanzo kikubwa cha kansa ya mapafu baada ya sigara. Kwa hiyo ndugu zangu wa Makete na Mafinga, najua baridi ya Julai, ila mchana fungueni madirisha.