Siku moja na maji ya mfereji

Saa 11 alfajiri. Kabla hata ya kuvua koti nasoma kipimo, ule ubao wenye mistari uliosimikwa ndani ya mfereji mkuu. Jana jioni maji yalikuwa sentimita 82. Sasa ni 110. Hapa hakujanyesha hata tone. Mvua imepiga usiku kucha huko juu, na maji yake yako njiani. Saa chache nilizobakiwa nazo kabla hayajafika ndizo kazi yangu yote ya leo.

Saa 12 na nusu. Wavu wa chuma mdomoni mwa kalvati umekamata matawi, chupa za plastiki na godoro. Mpita njia huona takataka, mimi naona bwawa linaloanza kujengeka. Wavu ukiziba, maji hupanda nyuma yake na kuingia nyumba za upande wa juu, hata kama mfereji ulio mbele ni mkavu. Tunavuta kwa reki ndefu, watu 2, kamba kiunoni.

Saa 2 asubuhi. Kufyeka magugu. Kwenye ardhi tambarare hakuna mteremko wa kuyasukuma maji, kwa hiyo mfereji ukijaa majani, maji yaleyale hupita polepole na kwa kina kikubwa zaidi. Tunafyeka upande mmoja tu. Mizizi ya upande wa pili inashika ukingo usiporomoke, na samaki wanabaki na pa kujificha.

Saa 4. Malisho ya bondeni, mahali ninapopapenda kuliko pote. Wafugaji wanahamisha ng'ombe mapema, bila kelele, maana tulikubaliana tangu zamani kwamba nyasi ni zao na mafuriko yakija nafasi ni ya mji. Nakagua kama vijito vyote vimekauka, kwa sababu bonde lililojaa maji ya jana haliwezi kupokea ya leo. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Hekta 40 zikifunikwa kwa nusu mita zinabeba mita za ujazo 200,000. Mfereji unaopitisha mita za ujazo 10 kwa sekunde ungehitaji zaidi ya saa 5 kuyapitisha hayo.

Mpango huu si mgeni. Uingereza, kwenye Ouse Washes, mifereji 2 mirefu ilichimbwa sambamba katika karne ya 17, na kati yake yakaachwa malisho ya kupokea mafuriko ya majira ya baridi. Yanafanya kazi hiyo mpaka leo. Uholanzi, baada ya watu wapatao 250,000 kuhamishwa mwaka 1995, waliamua kuipa mito nafasi. Huko Nijmegen walirudisha tuta nyuma mita 350.

Saa 8 mchana. Mama mmoja anapiga simu. "Mwanangu, si mpanue tu huo mfereji maji yaende zake?" Namjibu kwa heshima, kwa sababu swali lake ni la haki: yakitoka kwetu kwa kasi, yatawafikia walio chini yetu kwa kasi hiyohiyo. Tena kuna bahari.

Saa 11 jioni. Bamvua, yaani maji makuu ya bahari, inapanda. Lango la bawaba kule mwisho wa mfereji limejifunga lenyewe ili maji ya chumvi yasiingie, na maana yake ni kwamba yetu nayo hayatoki. Kipimo kinasoma 187. Mwenzangu anataka tufungue lango la bonde sasa hivi. Nakataa. Tukifungua mapema tutajaza malisho kwa maji ambayo mfereji bado unaweza kuyahifadhi, na kilele kitakapofika tutakuta hatuna nafasi.

Saa 1 usiku, 205. Tunafungua. Maji yanatandaa juu ya nyasi karibu bila sauti.

Saa 3, 219. Ukingo uko 240. Nasimama na tochi. Dakika 40 nzima mstari hausogei, na moyo wangu unatulia kidogo.

Saa 5 usiku bahari imeshuka vya kutosha na lango la bawaba linaachia. Saa 7 kipimo ni 196. Naanza kulitoa maji bonde kwa ufa mdogo tu wa lango, mfereji usije ukajaa upya. Namwachia daftari mwenzangu wa zamu: juu kunatarajiwa mvua nyingine keshokutwa, na bonde liwe tupu kabla yake.