Nilivyoziandaa risasi za bunduki yangu ya upepo

Miezi mitatu nililaumu pumzi yangu. Nalenga shabaha kwenye klabu ya mtaani hapa Ujerumani, umbali wa mita 10, na kila nikifyatua risasi kumi, nane hukaa pamoja, mbili hutoroka. Nukta ya katikati ina kipenyo cha nusu milimita tu. Risasi ikienda kando milimita tatu, alama zako kumi zimekwenda.

Jioni moja nikamwaga kikopo kizima, risasi 500, juu ya taulo jeupe, nikashika kioo cha kukuzia. Risasi za mashindano zina kichwa bapa, kiuno chembamba, na nyuma sketi yenye uwazi ndani. Sketi hiyo ni laini mno: upepo ukiisukuma hutanuka na kuziba mtutu. Nikakuta nyingine zimebonyea upande mmoja kama kikombe cha plastiki kilichokanyagwa. Ndani ya moja kulikuwa na uzi wa madini ya risasi umejikunja, mwembamba kama unywele. Nikazitenga zote, ishirini na tatu.

Kisha kuosha, na mara ya kwanza niliharibu. Nilizitia kwenye chupa ya maji ya sabuni nikatikisa kama kibuyu cha maziwa, zikagongana, sketi zikabonyea zaidi. Siku hizi natumia chujio la plastiki, maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, nazungusha taratibu. Maji hugeuka kijivu kama vumbi la penseli. Nasuuza, natandaza kwenye karatasi hadi kesho yake, halafu nazibiringisha kwenye kitambaa chenye tone moja la mafuta mepesi. Zing'ae tu, zisilowe.

Chujio hilo halirudi jikoni kamwe. Madini ya risasi ni sumu, na nyumbani nina mtoto anayetia kila kitu mdomoni.

Nilipima pia uzito kwa mizani ya sonara, risasi 200, jioni mbili. Zote zilikaribia gramu 0.53, na kwa mita 10 sikuona faida yoyote. Sirudii.

Kilichonisaidia kweli ni kipimo cha kichwa. Vikopo huandikwa milimita 4.49, 4.50, 4.51 na kuendelea, na kila mtutu una kipimo chake unachokipenda. Nilibana bunduki kwenye stendi, nikafyatua tano tano za kila kipimo. Za 4.51 zilitawanyika. Za 4.50 zilitoboa tundu moja lililochanika kidogo pembeni. Nililitazama muda mrefu, kisha nikaikunja karatasi nikaitia mfukoni.

Jumanne iliyopita nilifyatua kumi. Tisa zilikaa. Ya kumi ilitoroka, na nilijua kabla sijaangalia: triga niliivuta kwa haraka.