Umetoka mlimani

Saa nane usiku, Baba Neema anakoroma, mimi niko jikoni na chai iliyokwisha kupoa. Nimejaribu kulala nikashindwa, basi niandike. Tangu Jumatatu nayarudia maneno ya Mama, kila siku kwa sauti nyingine.

Mnaonisoma siku nyingi mnazijua simu zetu za Jumatatu. Huku Virginia ni saa moja asubuhi, sijaingia kazini. Kule Lushoto ni alasiri, na Elia ndiye anayemshikia simu, maana Mama huiweka sikioni hata kama ni ya video, nikaishia kuliona shavu. Tunaongea bei ya viazi, mvua, nani kafariki, nani kaposwa. Kazi yangu haiulizii sana. Anajua nachangisha pesa kwa ajili ya njia, Njia ya Appalachia ya huku Marekani, na akiulizwa kanisani huwajibu watu hivyo hivyo. Jumatatu hii, baada ya miaka sita, akaniuliza.

"Hivi hiyo njia yenu inakwenda wapi?"

Nikamwambia inaanzia Georgia, kusini, hadi Maine, kaskazini kabisa. Majimbo 14, kilomita 3,500 na ushee.

"Ni barabara ya lami?"

"Hapana Mama, ni njia ya miguu tu. Ya kupita mtu na mzigo wake mgongoni."

"Na huko Georgia inaanzia kwenye nini?"

"Kwenye mlima. Unaitwa Springer."

"Na inakoishia?"

"Kwenye mlima pia. Katahdin."

Akanyamaza. Nikasikia kuku, nikamsikia Elia akicheka kwa mbali. Halafu Mama akasema:

"Kwa hiyo unawachangisha watu ili watoke mlimani waende mlimani. Na wewe umetoka mlimani."

Baada ya hapo akauliza kama Neema amepona mafua, akanibariki, simu ikakatika.

Umetoka mlimani. Kuna kutoka kwa asili: umezaliwa huku juu, hewa hii ndiyo iliyokukuza, si ajabu kazi ya milima imekuangukia. Na kuna kutoka kwa kuondoka: ulipanda basi la kushuka Mombo na mabegi mawili, ukatuacha, na leo nguvu zako unawatengenezea wengine njia ya mlimani. Neno ni lile lile moja. Angesema "wewe ni wa mlimani" ningelala usingizi wangu.

Jumanne nililisikia kama utani. Jumatano likawa lawama. Alhamisi, nikiwa kwenye foleni ya magari, nikagundua kwamba kinachoniuma hasa si "umetoka", ni ile "na wewe" iliyotangulia. Na wewe. Kama mtu anayeongeza kitu mwishoni baada ya hesabu kufungwa. Ijumaa, siku ambayo tulisaini mchango mkubwa kuliko wote wa mwaka huu na mwenzangu wa upande wa barua akaaga kwenda kazi nyingine, mimi bado nilikuwa kwenye "na wewe".

Inauma zaidi kwa sababu kuchangisha nimejifunzia kwake. Mama alikuwa mweka hazina wa kina mama usharikani, na baada ya ibada mnada ulikuwa wake. Nimewahi kumwona akiuza kuku mmoja mara nne: aliyemnunua anamrudisha, anauzwa tena, anarudishwa tena, mpaka kuku mwenyewe amechoka na mabati sita yamepatikana. Daftari lake lilikuwa na majina kwa mstari, waliotoa mayai na waliotoa noti sawasawa. Siku paa lilipoezekwa alimpeleka kila mtu aliyemo daftarini chini ya lile paa, akamwonyesha kwa kidole: bati lako ni lile. Nilikuwa na miaka tisa. Mbinu zote nilizofundishwa baadaye kwenye semina za hoteli zimejengwa juu ya kile kidole.

Huku bati la kuonyesha si rahisi kulipata. Mtu atatoa kwa furaha kwa ajili ya daraja la mbao, au kwa ajili ya kununua kipande cha ardhi ili ghala lisijengwe mahali watu wanapotazama bonde. Lakini mshahara wa mhasibu? Bima? Mafuta ya pikapu inayobeba misumeno? Hapo ndipo ninapohangaika. Dhoruba ya Helene ilipopita Septemba 2024, ikaangusha miti na kuzoa madaraja, mamia ya kilomita za njia yakafungwa North Carolina, Tennessee na Virginia, pesa zilikuja zenyewe. Watu hutoa kwenye msiba. Desemba kama hii, njia ikiwa kimya na majani yameanguka, lazima mtu apige simu moja moja, na mtu huyo ni mimi. Jumanne hiyo hiyo, ile Jumanne baada ya Thanksgiving ambayo nchi nzima huombwa kutoa, nilipiga simu mpaka sauti ikakauka. Katika wote niliowashukuru nimebaki na mama mmoja anayetoa dola 10 kila mwezi na ambaye hajawahi kukanyaga njia yenyewe. Alisema anapenda kujua kwamba ipo. Nilitaka kumuuliza kwa nini, nikaona aibu.

Ningemjibu nini Mama? Nimeyajaribu majibu yote. Kwanza lile la kazini: kwamba mwaka 1921 bwana mmoja aitwaye Benton MacKaye aliandika wazo la njia itakayofuata migongo ya milima ya Appalachia, ili watu wa mijini na viwandani wapate mahali pa kupumua. Kwamba kufikia 1937 ilikuwa imeungana yote, na sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na watu wa kujitolea kwa wikendi zao. Kwamba miaka mingi ilipita kwenye mashamba ya watu kwa hisani tu, mwenye shamba akiuza njia inahamishwa, wakati mwingine inasukumiwa barabarani kwenye magari. Ndipo mwaka 1968 sheria ikatungwa ya kuilinda, na ardhi ikaanza kununuliwa kipande kwa kipande. Hilo jibu nalitoa vizuri, nimewatoa watu machozi kwa jibu hilo. Lakini kwa Mama naona lingekwama kwenye neno "kununuliwa". Njia yetu ya kushukia barabarani inapita kwenye mashamba ya watu saba, inapita kando ya kaburi la Babu, na sijawahi kusikia mtu akiinunua wala akiifunga. Ilikuwa ikiharibika na mvua za masika, inapigwa mbiu, tunatoka na majembe. Msaragambo. Asiyetoka anatozwa faini, na Mama alikuwa haulizi sababu yako.

Hilo neno, msaragambo, sikulikumbuka mpaka jana Jumamosi. Ndilo lililonigeuza.

Nilikuwa nimeahidi kwenda kufanya kazi na watu wa chama cha kujitolea upande wa Shenandoah, si mbali na Front Royal. Viko vyama kama 30 vya namna hiyo, kila kimoja na kipande chake cha njia. Kwa kawaida naenda na mfadhili mmoja, tunapiga picha tukiwa na kofia ngumu, tunarudi. Safari hii mfadhili aliumwa, nikaenda peke yangu, na Babu Sururu, yule mzee wa miaka 78 niliyewahi kuwaandikieni habari zake, akanipa jembe bila kuniuliza cheo.

Kazi ilikuwa makinga maji. Kwenye mteremko hulazwa gogo au mawe kukatiza njia, ili maji ya mvua yasigeuze njia kuwa mfereji, yatoke pembeni yaingie msituni. Msimu wa majani kuanguka hujaa uchafu. Unachimbua nyuma ya gogo, unatoa tope na majani meusi yaliyoshikana kama ugali wa jana, unafungua mlango wa maji kule chini. Kwenye mti kando yangu palikuwa na ile alama nyeupe ya rangi inayomwonyesha mtu njia, inchi mbili kwa sita, rangi imepasuka kidogo kwenye gome. Tulikuwa watu tisa. Hakuna aliyesema sana. Mtu akichoka anakaa, mwingine anachukua jembe. Nikiwa nimeinama hivyo, mgongo unawaka, neno likanijia lenyewe, hata nikalitamka kwa sauti. Msaragambo. Babu Sururu akadhani nimepiga chafya, akaniombea afya.

Juu ya mgongo wa mlima mtandao ulikuwepo kidogo. Tulikuwa tumemaliza kulaza gogo jipya, refu, la mti mgumu, tumelipigilia mawe pande zote. Nikapiga picha nikamtumia Mama. Saa nne asubuhi kwetu, kule giza linaingia. Sikuandika chochote chini ya picha.

Haikupita nusu saa, ikaja sauti. Sekunde 14. Nyuma yake nasikia sufuria.

"Hilo gogo mmelinyoosha mno. Lilazeni mshazari zaidi, la sivyo udongo utajaa nyuma yake, mvua mbili tu mtarudi hapo. Na mawe ya upande wa chini ni madogo."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikaona haya kucheka, kwa sababu yule ni mama aliyefundishwa makinga maji na mabwana shamba kabla sijazaliwa, na shamba lake limesimama kwenye mteremko ambao mbuzi anaufikiria mara mbili. Nikamtafsiria Babu Sururu, neno kwa neno. Hakucheka. Akasogea nyuma, akaegemea sururu, akalitazama lile gogo kwa muda mrefu, akapanda juu kidogo akalitazama tena kutokea kule. Halafu akasema, "Mama yako ana macho." Tukaling'oa. Kazi ya saa nzima tukaifumua, tukalilaza upya, mshazari, kichwa kimoja kikiwa juu zaidi, na vijana wawili wakateremka kutafuta mawe makubwa.

Nikapiga picha ya pili. Mama akajibu kwa maandishi, yaani Elia aliandika kwa niaba yake: "Hapo sawa. Umekula?"

Sikumuuliza alimaanisha kutoka kupi. Jioni nilishika simu mara mbili nimuulize, nikaiweka. Jumatatu atapokea, shavu litatokea, na huenda nikaanza na habari za gogo, nimwambie limepita mvua au bado. Nataka pia kumuuliza kama ile njia yetu bado wanaitokea, au siku hizi ni bodaboda tu, na kama kwenye kile kichuguu karibu na kaburi la Babu maji bado yanakata. Na yule mama wa dola 10 nitampigia tena, bila kumwomba kitu.

Mikono inaniuma, vidole viwili vina malengelenge, naandika kwa kidole cha kati.

Ila kuna ile taa ya injini. Imewaka kwenye gari la Baba Neema tangu juzi, ya njano, na anasema ni kifuniko tu cha tangi, atapita gereji Jumatatu. Lakini safari ya Ohio kwa kaka yake ni leo jioni, usiku, na wametangaza theluji kwenye milima ya West Virginia. Nimetoka sasa hivi kukitazama hicho kifuniko kwa tochi ya simu. Kimefungwa vizuri.